Mpanda Inamhitaji Mwanahistoria wa Ulaya

Agosti 1879, kapteni wa jeshi la Ubelgiji aliyeitwa Ernest Cambier alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akaanza kujenga kituo. Leo Karema iko katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Ina kanisa kongwe, na serikali imejenga bandari mpya ya kuhudumia mizigo inayovuka ziwa kwenda Kongo. Wakati ule Ubelgiji haikuwa na koloni hata moja. Katiba yake ilimbana mfalme, na wanasiasa wake hawakuona sababu ya kumwaga fedha za umma ng'ambo. Sasa mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: afisa wa nchi isiyotaka koloni alifuata nini Karema?

Swali hilo halijibiwi kwa kukaa Karema peke yake. Wazee wa ziwani watakueleza mengi kuhusu misafara, biashara ya watumwa, vita na njaa, na usipowasikiliza hutaandika chochote cha maana. Lakini kilichomtoa Cambier kwao kilikuwa Brussels, na ili kukiona ni lazima awepo mtu anayeijua Brussels ya miaka ya 1870 kama mwingine anavyoijua Unyamwezi ya Mtemi Mirambo. Mtu huyo ni mwanahistoria wa Ulaya ya kisasa. Hoja yangu ni kwamba kazi yake ni yetu pia, na kwamba mkoa kama Katavi una sababu kubwa kuliko mikoa mingi ya kutaka vijana wake waifanye.

Karema ilianzia Brussels

Tuanze na mfalme mwenyewe. Leopold II aliirithi Ubelgiji mwaka 1865, nchi changa iliyojitenga na Uholanzi mwaka 1830. Tangu ujana wake alitamani kuwa na koloni, akitazama faida ambayo Waholanzi waliivuna Java. Alipoona serikali yake haimfuati, alitafuta njia ya pembeni. Septemba 1876 aliwakaribisha Brussels wanajiografia na wasafiri mashuhuri wa Ulaya, na mkutano huo ukazaa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Malengo yake yaliyotangazwa yalikuwa sayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Vituo vingejengwa kutoka pwani hadi bara ili kuwasaidia wasafiri.

Wabelgiji walichagua kuanzia mashariki, kwa kuwa njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikuwa inajulikana. Msafara wao wa kwanza uliondoka 1877. Wawili kati ya viongozi wake, Crespel na Maes, walifariki Zanzibar Januari 1878, kabla ya kuonja safari ya bara. Cambier aliendelea mpaka ziwani. Nyuma yake mfalme aligharimia jaribio lingine: mwaka 1879 tembo wanne waliofugwa waliletwa kutoka India, wakashushwa Msasani chini ya Frederick Carter, ili ijulikane kama wanyama hao wangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Baadhi yao walifia njiani. Juni 1880 Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, katika mapigano yaliyowahusisha askari wa Mirambo. Mpimbwe hiyo leo ni halmashauri ndani ya Katavi.

Hapa ndipo utaona wanahistoria wa aina mbili wanavyohitajiana. Mtaalamu wa historia ya Afrika atakueleza Mirambo alitaka nini, nani alikuwa anaidhibiti njia ya Mpimbwe, na wapagazi walilipwaje. Bila yeye, kifo cha Carter kitabaki ajali ya Mzungu porini. Mtaalamu wa Ulaya ataongeza jambo ambalo Mirambo hakuwa na namna ya kulijua. Mwaka 1877 Henry Morton Stanley alifika Bahari ya Atlantiki baada ya kuufuata mto Kongo, na Leopold akamwajiri. Mwezi huohuo wa Agosti 1879 ambao Cambier alifika Karema, Stanley alikuwa anashuka kwenye mdomo wa Kongo, upande wa pili wa bara, kwa fedha za mfalme yuleyule. Macho ya Leopold yalikuwa yamehamia magharibi. Kwa hiyo Karema ilianza kujengwa wakati mpango uliokusudia kuijenga ulikuwa tayari unapoteza umuhimu.

Jambo hilo linabadilisha namna ya kusoma kila kilichofuata. Maafisa waliomfuata Cambier, akiwamo Kapteni Ramaeckers aliyefia Karema mwaka 1882, walikuwa wanatumikia kituo ambacho bwana wao alikuwa amekwisha kukiweka pembeni moyoni. Luteni Émile Storms alivuka ziwa mwaka 1883 akaanzisha kituo cha Mpala. Desemba 1884 watu wake walimuua mtawala Lusinga, na fuvu la Lusinga likasafirishwa hadi Ubelgiji. Wakati damu hiyo inamwagika, wajumbe walikuwa wamekaa Berlin, katika mkutano ulioanza Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885. Leopold alitoka humo na Dola Huru ya Kongo, na ukingo wa mashariki wa ziwa ukaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1885 Karema na Mpala zikakabidhiwa kwa wamisionari wa Kardinali Lavigerie, wale tunaowaita Mapadri Weupe.

Askari wa Papa kando ya ziwa

Ukibaki na sababu zilezile zinazokaririwa darasani, yaani masoko, malighafi na mahali pa kuwekeza mitaji, hutamwelewa mtu kama Léopold Joubert. Alizaliwa magharibi mwa Ufaransa mwaka 1842. Akiwa na miaka 18 alijiunga na jeshi la Papa, na Septemba 1860 akapigana Castelfidardo dhidi ya majeshi yaliyokuwa yanaiunganisha Italia. Alibaki katika kikosi cha wapiganaji wa kujitolea walioitwa Zouave, Wakatoliki waliotoka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ireland na hata Canada. Septemba 20, 1870, jeshi la Italia liliingia Roma. Utawala wa Papa wa kidunia ukakoma, na jeshi lake likavunjwa.

Askari wale hawakuwa na dola tena ya kuitumikia. Lavigerie aliwatafutia kazi. Misafara ya wamisionari iliyokuwa inakwenda Maziwa Makuu ilihitaji walinzi, na baadhi ya waliokuwa Zouave wakaja kuilinda. Joubert alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1880. Aliporudi, alipitia Karema akavuka kwenda Mpala, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, mwaka 1888 akaoa mwanamke wa huko, na akafia ng'ambo ile ya ziwa mwaka 1927.

Mtazame mtu huyo kwa makini. Hakuja kutafuta soko la nguo za pamba. Hakutumwa na serikali ya Ufaransa. Jamhuri ya Tatu ya Ufaransa mwaka 1880 ilikuwa inayafukuza mashirika ya kitawa nchini mwake. Alibeba vita ya kidini iliyoshindwa Italia, akaiendeleza Tanganyika kwa jina jingine. Sisemi kwamba uchumi haukuhusika. Ninasema kwamba Ulaya iliyotufikia ziwani ilikuwa na ugomvi wake wa ndani, kati ya wafalme na mabunge, kati ya Kanisa na dola, kati ya mataifa makongwe na machanga, na ugomvi huo uliamua nani afike wapi, lini, na akiwa na nini mkononi. Mwalimu anayefundisha kuungana kwa Italia katika shule ya Mpanda akiwa na Joubert kichwani hahitaji kumbembeleza mwanafunzi aone umuhimu wa mada.

Na kuna mtu wa pili ambaye hawezi kueleweka kwa upande mmoja tu. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa kwa fedha na Mapadri Weupe huko kaskazini mwa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuhudumia wagonjwa hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Kumwandika Atiman kunataka ujue Sahara ya wafanyabiashara wa watumwa, Algeria ya Wafaransa, Malta ya Waingereza, siasa za Lavigerie mbele ya mabunge na magazeti ya Ulaya, na hapohapo ujue dawa, lugha na ndoa za Karema. Maisha ya mtu mmoja yanapita katika hifadhi za nyaraka za nchi nyingi.

Kazi yenyewe ilivyo

Vijana wengi wanaochukua mchepuo wa HGL au HKL hawajawahi kuelezwa mwanahistoria hufanya nini siku nzima. Wanamfahamu mwalimu wa historia, na wanafikiri ni mtu aliyekariri zaidi yao. Kazi yenyewe ni ya kutafuta ushahidi, kuuhoji, kuulinganisha na ushahidi mwingine, kisha kutoa dai ambalo mwenzako anaweza kulipima na hata kulipinga.

Chukua Karema tena. Karatasi za maafisa wa Kibelgiji wa vituo vile, zikiwamo za Storms, ziko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati. Mapadri Weupe walitakiwa kuandika shajara katika kila misheni, na hifadhi yao kuu iko Roma. Nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin, na sehemu ya kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ilibaki Dar es Salaam katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Za wizara ya makoloni ya Uingereza ziko Kew, London. Kwa hiyo anayetaka kuandika miaka mia ya mji mmoja wa Katavi anahitaji Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza juu ya Kiswahili na lugha ya wenyeji.

Kujua lugha nako hakutoshi. Hati nyingi za Kijerumani za enzi ile ziliandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Herufi ya e inafanana na n, na h inashuka chini ya mstari kama ndoano. Mwanafunzi hukaa wiki nyingi na ukurasa mmoja mpaka jicho lizoee. Akishausoma, kazi ndiyo kwanza inaanza. Padri anapoandika katika shajara kwamba watu wamekimbilia misheni, alikuwa anamwandikia nani? Mkuu wake Algiers atausoma ukurasa huo? Wafadhili wa Ulaya je? Waliokimbilia walikuwa wanakimbia nini, na walitegemea kupata nini? Anayeijua siasa ya michango ya Kanisa Katoliki la karne ya 19 ataona katika sentensi hiyo mambo ambayo msomaji mwingine atayapita.

Risasi, reli na makazi ya Warundi

Mpanda mjini kuna mfano wa karibu zaidi. Madini ya risasi yaligunduliwa huko katika miaka ya 1930, lakini reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita kama 210, ilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi wa kampuni ya Uruwira ulifungwa mwaka 1960. Kwa nini reli ikaja wakati ule?

Jibu moja linapatikana London. Uingereza ilitoka katika Vita vya Pili ikiwa na madeni makubwa. Julai 15, 1947 iliruhusu pauni ibadilishwe kwa dola bila kizuizi, na Agosti 20, baada ya wiki tano tu, ikalazimika kusitisha kwa sababu dola zilikuwa zinakwisha. Serikali ya Attlee iliyageukia makoloni ili yazalishe bidhaa ambazo vinginevyo zingenunuliwa kwa dola, au ambazo zingeuzwa zikaleta dola. Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulizaliwa katika hofu hiyohiyo. Reli ya Mpanda isomwe pamoja na mambo hayo. Mgodi uliondoka, mji ukabaki, na treni ya Mpanda hadi leo ndiyo inayobeba abiria na mazao kwenda Tabora. Kwa mkulima wa Mpanda, mgogoro wa pauni wa 1947 una stesheni.

Katumba na Mishamo zinatupeleka Paris. Makazi hayo yalifunguliwa miaka ya 1970 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mauaji yale yaliamriwa na kutekelezwa na watawala wa Burundi, nao ndio wenye kubeba dhamana yake. Lakini Burundi iliyofika 1972 ilikuwa imepita mikononi mwa Wabelgiji, na namna ilivyofika huko inashangaza. Mwaka 1919, huko Paris, katika mapatano kati ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, Wabelgiji walipewa Ruanda-Urundi. Walikuwa wametumaini kuitumia katika mabadilishano ambayo mwishowe yangewapatia ardhi ya Wareno karibu na mdomo wa Kongo. Mabadilishano hayakufanikiwa, wakabaki nayo, wakaitawala kwa kuyakaza matabaka waliyoyakuta na kuwaondoa taratibu machifu Wahutu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alisikiliza simulizi za wakimbizi wa Mishamo, akachapisha kitabu chake mwaka 1995. Kilichobaki ni kuzisoma simulizi za namna hiyo sambamba na nyaraka za Brussels, na anayefaa zaidi kufanya hivyo ni mtoto aliyekulia Katumba, aliyesikia upande mmoja nyumbani na ambaye anaweza kufundishwa kuusoma ule mwingine.

Dar es Salaam iliwahi kuthubutu

Najua pingamizi litakalokuja. Tulipigana miaka mingi kuiondoa Ulaya katikati ya vitabu vyetu vya historia. Leo shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Je, tunarudi tulikotoka?

Hapana, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfano wa kutuonyesha tofauti. Idara yake ya historia ilipoanza mwaka 1964, mkuu wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger. Utafiti wake wa uzamivu kule Oxford ulihusu Ireland ya karne ya 17, na tajiri wa Kiingereza aliyejikusanyia ardhi za Waairishi. Aliyefukuzwa Rhodesia mwaka 1963 kwa kuwapinga walowezi alikuwa amejifunza ulowezi ndani ya Ulaya yenyewe kabla ya kuuona Afrika. Kuijua Ulaya hakukumzuia kuisikia Afrika.

Mfano mkubwa zaidi ni Walter Rodney. Alizaliwa Guyana mwaka 1942, akasoma Jamaica, akapata uzamivu London mwaka 1966 akiwa na miaka 24 kwa utafiti juu ya pwani ya Guinea. Alifundisha Dar es Salaam 1966 hadi 1967, kisha tena kuanzia 1969 hadi 1974. Kila mtu anakijua kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Wachache wanajua kwamba alifundisha Mlimani kozi juu ya Mapinduzi ya Urusi. Aliwasomesha wanafunzi wa Kitanzania maandishi ya wanahistoria wa Magharibi na ya Wasovieti, akawataka wayahoji yote mawili na kutoa hukumu yao wenyewe. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown Juni 13, 1980, kabla ya kuyageuza mafunzo hayo kitabu. Yalichapishwa mwaka 2018, yakiwa yamehaririwa na Robin D. G. Kelley na Jesse Benjamin.

Alichofanya Rodney ni kubadilisha nafasi ya anayetazama na anayetazamwa. Zamani tuliisoma Ulaya kama kipimo cha kujipimia. Yeye aliisoma kama jamii nyingine yoyote yenye masilahi, makosa na ushahidi wake, na alikaa Dar es Salaam akiichunguza. Hiyo ndiyo kazi ninayoitetea. Vyuo vya Ulaya vinafundisha wataalamu wa Unyamwezi na Buganda, na hatuoni ajabu. Mtanzania anayesomea Bavaria au Wallonia bado anaulizwa imemsaidia nini. Usawa wa kielimu hauwezi kwenda upande mmoja.

Kuna sababu ya kisiasa pia. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Mazungumzo juu ya mabaki ya wahenga wetu na vitu vilivyochukuliwa yataendelea, na Ubelgiji nayo ina maswali ya kujibu. Katika meza hizo, upande unaosoma nyaraka wenyewe huwa na nguvu kuliko unaosubiri kusomewa.

La kufanya

Mkoa una Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, inayolea wataalamu wa kilimo. Anayetaka historia bado atakwenda Dar es Salaam, Dodoma au kwingineko. Hilo si kikwazo iwapo maandalizi yataanza nyumbani. Kwanza, Kifaransa kifundishwe kwa uzito katika shule za mkoa huu. Ng'ambo ya ziwa ni Kalemie na Moba, kaskazini ni Burundi, na bandari ya Karema inahitaji watu wa kuzungumza na wateja wake. Lugha itakayomsaidia karani wa forodha ndiyo itakayomfungulia mwanahistoria shajara za misheni. Pili, walimu wa kidato cha tano na sita waanzie Karema, Mpimbwe na stesheni ya Mpanda wanapofundisha ubeberu, Mkutano wa Berlin na uchumi wa baada ya vita. Tatu, serikali na Kanisa waombe nakala za kidijitali za nyaraka za Roma na Tervuren zinazohusu ukingo huu wa ziwa, ziwekwe Dar es Salaam na pia mkoani, ili mtafiti asihitaji viza kabla ya kuanza. Nne, idara za historia ziwape wanafunzi wao bora miaka miwili ya Kijerumani au Kifaransa kabla ya kuwadai tasnifu.

Haya yote hayahitaji fedha za kutisha. Yanahitaji tukubali kwamba kijana wa Mpanda anayeandika tasnifu juu ya bunge la Ubelgiji la miaka ya 1870 anafanya utafiti wa mkoa wake, na kwamba chuo kitakachomdhamini kinalipia sehemu ya historia ya Katavi ambayo hakuna mwingine ana sababu ya kuitafuta kwa bidii kama yeye.